Fangasi wa mapajani wamekwisha, ngozi bado inawaka moto: nilivyoituliza

#1 FundiSindano (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Wenye haya mnivumilie, maana naongelea mapaja na kinena na sitazunguka mbuyu.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa kuanzia asubuhi, mguu uko kwenye pedeli, paja linasugua paja mwenzake. Miezi miwili iliyopita liliniota duara upande wa ndani wa paja la kushoto. Ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamepauka. Muwasho wake usipime, usiku naamka nakuta mkono uko kazini tayari. Wenye uzoefu mmeshajua ni nini.

Nikapata krimu ya klotrimazoli asilimia 1, nikapaka asubuhi na usiku. Siku ya 6 hivi muwasho ukakata. Hapo ningetulia, niendelee na krimu yangu mpaka siku zake ziishe, uzi huu usingekuwepo. Lakini nilikuwa na hasira. Nikaongeza sabuni ya dawa. Nikaongeza dodoki, nasugua mpaka nione pamekwanguka. Jamaa mmoja akanipa Whitfield, ile marhamu ya zamani yenye asidi ya benzoiki na salisiliki, nikaipaka juu ya mkwaruzo. Nililia, sioni haya kusema. Na kabla ya kulala napitisha spiriti kwa pamba, natetemeka, najiambia ndiyo dawa inafanya kazi hiyo.

Wiki ya 4 duara halikuwepo tena. Badala yake nilikuwa na ngozi laini inayong'aa kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto sana, rangi imegeuka zambarau, na nyufa ndogondogo kwenye mkunjo wa kinena. Jasho likifika hapo ni kama pilipili. Natembea nimetanua miguu kama bata. Mimi nikaamini fangasi wamekuwa sugu, nikaongeza dozi ya spiriti.

Mwishowe nikaenda kuonana na daktari wa ngozi. Akachukua kisu kidogo, kwa ubavu wake akakwangua unga wa ngozi juu ya kioo, akadondoshea dawa, akaenda kuangalia kwenye darubini. Akarudi na swali moja: "Unapaka nini?" Nikataja vyote. Akanyamaza kidogo, halafu: "Fangasi hawaonekani. Anayekuunguza sasa ni wewe."

Ndiyo sababu ya uzi huu. Kuua fangasi ni kazi moja, kuponya ngozi waliyoiharibu ni kazi nyingine, na mimi nilikuwa naifanya ile ya kwanza mara kumi huku ya pili hata sijaianza. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua kitambaa kilicholika hukitii maji ya moto na brashi. Ngozi yangu mwenyewe niliifanyia hivyo.

Nilichofanya baada ya hapo, kwa kifupi: dodoki, spiriti, sabuni ya dawa na Whitfield vyote vikaenda kapuni. Mwili mzima naoga kwa sabuni, pale mapajani ni maji ya uvuguvugu na kiganja tu. Kujikausha sifuti, nagandamiza taulo laini, naachia, nagandamiza tena, halafu nakaa mbele ya feni dakika 5 kama mjinga. Jioni pakiwa pamechachamaa, naloweka kitambaa safi cha pamba kwenye maji baridi, nakamua, nalaza juu ya paja dakika 10. Si barafu, maji baridi tu. Kile kitambaa kikigusa ngozi mara ya kwanza unasikia moto unashuka kama mtu amezima jiko. Halafu nakausha tena.

Klotrimazoli sikuacha. Daktari alisema nimalize wiki 2 zaidi baada ya duara kupotea, kwa sababu fangasi wanaweza kubaki hata kama jicho halioni. Ila napaka nyembamba, haihitaji kuonekana nyeupe. Nasubiri kama robo saa inywe. Ndipo napitisha mafuta ya mgando kidogo sana kwenye ule mstari tu ambapo paja linagusana na paja.

Leo ni siku ya 5. Bado panauma nikitembea sana, ila nalala. Nitaleta mrejesho. Na nyie mliopitia, tupeni mbinu.

#2 Kobe Mwendopole

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu umeniandika mimi, tofauti yetu ni kwamba mimi ni dereva, na spiriti yangu ilikuwa ya baada ya kunyoa.

#3 Mjukuu wa Babu

Haya yote ya nini? Twanga kitunguu saumu, changanya na ndimu, paka usiku mmoja. Fangasi na watoto wao kwisha. Mnapenda kuhangaika na madawa.

#4 Mama Pacha

Mjukuu wa Babu, tafadhali usimwambie mtu mwenye mchubuko apake kitunguu saumu. Niliwahi kumfunga mwanangu kitunguu saumu kilichotwangwa katikati ya vidole vya mguu, nikavika na soksi, nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi navua soksi nakuta lengelenge la ukubwa wa shilingi, limejaa maji, na ngozi pembeni imebadilika rangi kama iliyoungua kwa mvuke. Na iliungua kweli. Kitunguu saumu kibichi kinachoma ngozi, ndimu nayo ni asidi. Mtoto alikaa wiki mbili bila kuvaa kiatu, na fangasi walikuwa palepale pembeni ya kidonda, hawana habari.

#5 Mjukuu wa Babu

Labda ulizidisha.

#6 Mama Pacha

Labda.

#7 Mfamasia wa Zamu

Mleta mada, asante kwa kuanika hadi makosa. Watu wengi hunijia dirishani na stori yako hii hii, ila wanasimulia nusu tu, wanaomba "dawa kali zaidi". Niongeze machache.

Kwanza tofautisha kuwasha na kuchoma. Fangasi wa kinena huwasha. Hukufanya utake kujikuna, na ukingo wake unasogea kwenda nje wiki hadi wiki, una magamba. Ngozi iliyochubuka au iliyochoshwa na dawa huchoma. Inauma ikiguswa na maji, sabuni, jasho au hata krimu yenyewe, haina ukingo, na mara nyingi imekaa pale pale nguo inaposugua. Vinaweza kuwepo pamoja, ndiyo maana inachanganya. Lakini ukijiuliza swali hilo kabla ya kufungua kichupa, umejiokoa.

Kuhusu Whitfield: si dawa mbaya. Ni asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, jina ni la daktari wa ngozi Mwingereza, Arthur Whitfield. Asidi ya salisiliki kazi yake ni kubandua tabaka la juu. Kwenye unyayo wenye ngozi nene, sawa kabisa. Kinenani, ambako ngozi ni nyembamba na tayari imelika, unabandua kitu ambacho hakipo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: zile krimu za mchanganyiko wa tatu kwa moja. Ndani mna dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Unapaka, siku ya pili muwasho umekwisha, unaisifu kwa majirani. Kilichotokea ni kwamba steroidi imezima kengele. Uvimbe na wekundu ni mwili unapigana, steroidi inaunyamazisha mwili, fangasi anaendelea kutambaa bila kelele. Ukiacha, anarudi akiwa mpana na bila lile duara, hata mtaalamu anaweza kumkosa. Madaktari wa ngozi humwita tinea inkognito, yaani aliyejibadilisha sura. Na kinena hunyonya dawa kuliko mkono au mgongo, kwa hiyo ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi ambayo haiondoki tena. Kama pamevimba sana, daktari anaweza kukupa haidrokotisoni dhaifu ya asilimia 1 kwa siku chache, pamoja na dawa ya fangasi. Hilo ni juu yake, si la kujipimia.

Tatu, usikimbilie vidonge. Vya ketokonazoli hasa, mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilivibana kwa sababu ya madhara kwa ini. Eneo dogo la paja halihitaji kufika huko.

#8 Pembe ya Paa

Mfamasia, na poda je? Mimi napuliza poda asubuhi mpaka naacha alama kwenye kiti.

#9 Mfamasia wa Zamu

Poda kwenye ngozi nzima na kavu, kwa kuzuia, inasaidia wengine. Kwenye ngozi iliyochubuka haifai. Ikikutana na jasho inaganda vidonge vidogovidogo, unatembea navyo kutwa vikikusugua kama mchanga. Jikague jioni uone. Kisha kuna suala la talki, yale madini ya unga yanayotengenezewa poda nyingi: mwaka 2024 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo kinamama waiweke mbali na sehemu za siri. Zipo poda zenye dawa ya fangasi ndani, hizo ni za baadaye, ngozi ikishafunga.

#10 Pembe ya Paa

Nimejikagua. Vidonge vipo. Sina la kusema.

#11 Mama Pacha

Mimi shida yangu si mapaja, ni chini ya matiti. Wanaume hamtaelewa ila mtasoma. Palikuwa panalowa, pana harufu ya mkate uliochacha, na pembeni ya wekundu mkubwa kuna vipele vidogo vimetawanyika kama vifaranga karibu na mama yao. Nesi akaniambia hao ni kandida, ndugu yao fangasi wa mapajani lakini si yule yule, na hupenda sana penye mkunjo na unyevu.

Dawa ilikuwa krimu ile ile ya klotrimazoli. Kilichonisaidia kutuliza ni kitambaa. Nilichana shuka la pamba lililochakaa, lile ambalo limefuliwa mpaka limekuwa laini kama shavu la mtoto, nikakata vipande vya upana wa kiganja. Kimoja chini ya kila titi, kavu, kimelazwa bila mkunjo, ncha moja imetokeza nje kidogo ili unyevu upate pa kukimbilia. Kikilowa nabadilisha. Siku ya joto nilikuwa nabadilisha mara 4. Sidiria naivua nikifika tu nyumbani, hata salamu bado.

Mafuta ya mgando mimi yalinikataa. Penye majimaji ukipaka mafuta ni kama kufunika sufuria.

#12 Mzee wa Hoja

Hapo kuna mgongano. Fundi anasema mafuta ya mgando, mama anasema hapana. Tumsikilize nani? Na kingine, mnawapa watu picha kwamba dawa ni adui. Atasoma mtu hapa aache krimu siku ya 6 kwa sababu muwasho umekata, wiki ya 3 anarudi kulia. Nimeyaona.

#13 FundiSindano (mleta mada)

Mzee, sikusema dawa iachwe, rudia bandiko la kwanza. Mpaka leo napaka. Nilichoacha ni vile nilivyojiongezea.

Kwenye mafuta, mimi naona sote wawili tuko sahihi. Kwangu ni pakavu panapochubuka kwa kusuguana, nahitaji kilainisho ili paja liteleze. Kwa mama ni palipolowa, anahitaji kitu cha kunyonya. Nguo ya mvua hushoni kwa kitambaa cha taulo.

#14 Mfamasia wa Zamu

Fundi amejibu vizuri kuliko mimi. Niongeze tu kwamba penye unyevu, badala ya mafuta ya mgando kuna zinki oksaidi, ile krimu nyeupe nzito ya watoto wanaochubuliwa na nepi. Inakinga na inavumilia unyevu. Masharti ni yale yale: dawa ya fangasi itangulie kwenye ngozi kavu, inywe, ndipo kinga ije juu. Ukianza na zinki unaijengea ukuta dawa yako. Na jioni usiikwangue kwa nguvu ili itoke yote, iliyobaki iache, pitisha pamba yenye mafuta mepesi.

Mzee wa Hoja ana haki kwenye muda. Klotrimazoli hupakwa mara 2 au 3 kwa siku, na huendelea wiki 2 baada ya dalili kuondoka. Terbinafini asilimia 1, krimu nyingine ya fangasi, ni fupi, wiki 1 hadi 2, mara 1 au 2 kwa siku. Unapaka na kuvuka ukingo, sentimita 2 hivi kwenye ngozi inayoonekana nzima.

Ila mtu akipaka na krimu yenyewe inamchoma kila mara na pekundu panaongezeka badala ya kupungua, arudi akabadilishiwe. Wapo ambao ngozi yao inakataa kitu kilichochanganywa ndani ya krimu, si dawa yenyewe.

#15 Kobe Mwendopole

Swali la kijinga. Kama fangasi wamekufa, mbona ngozi inachukua muda wote huo? Mimi wiki ya pili hii.

#16 Mfamasia wa Zamu

Si la kijinga. Tabaka la juu kabisa la ngozi hujijenga upya kwa takriban wiki 2, na ngozi ya juu yote huchukua mwezi hivi au zaidi, kutoka chini mpaka seli zinapopukutika. Kila unaposugua unarudisha kazi nyuma. Halafu ngozi kwa asili ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ndiyo asidi) kati ya 4 na 6, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 hadi 10. Ngozi nzima inarudi sawa yenyewe baada ya kuoga. Iliyochubuka inachelewa, na wewe unaoga mara 3 kwa siku ukidhani usafi ndio dawa.

#17 Kobe Mwendopole

Mara 4.

#18 FundiSindano (mleta mada)

Wakuu, mrejesho wa siku ya 9, na nimegundua kitu cha kitaalamu changu kabisa.

Kuchoma kumepungua sana ila kulibaki mstari mmoja mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu, kutoka kinenani kushuka paja la ndani kama urefu wa kiganja. Kushoto na kulia, vimelingana. Nikajiuliza ugonjwa gani huu wenye rula? Usiku nikavua suruali yangu ya kazini, nikaigeuza ndani nje, nikaiweka chini ya taa ya cherehani. Mshono wa ndani wa paja. Nimeushona mwenyewe! Ovalok, ule mshono wa kufunga kingo zisifumuke, ya nyuzi za poliesta, imesimama kama ukuta, na pale mishono minne inapokutana kuna donge gumu kama punje ya mahindi. Nikapitisha kidole, nikapitisha na upande wa ndani wa kifundo cha mkono ambako ngozi ni laini. Inakwaruza. Miaka yote nawashonea watu hivyo na sijawahi kuishika kwa ngozi, naishika kwa ncha za vidole zilizoota sugu.

Jingine: ile suruali kitambaa chake kilikuwa kipya na sikukifua kabla ya kushona. Vitambaa vingi vya "havikunji" vimewekewa dawa kiwandani ili visijikunje, na kuna ngozi zinaipinga. Sasa nimevaa kaptula ya pamba iliyochoka, pana, na ndani boksa yenye miguu mirefu inayoshuka mpaka katikati ya paja, ili nguo isugue nguo na si paja lisugue paja. Zile fupi zinazoishia kwenye mkunjo wa kinena nimezipa likizo, lastiki yake inakaa juu ya kidonda moja kwa moja.

Kufua: maji ya moto, nyuzi joto 60, kwa boksa na taulo. Sabuni ya kiasi na kusuuza mara mbili, ile ya harufu ya maua ya kulainishia nguo nimeacha kwa sasa. Taulo la huku chini ni la kwangu peke yangu na haliendi miguuni.

#19 Mama Pacha

Hapo kwenye miguu umegusa. Mwenye fangasi katikati ya vidole avae soksi kwanza, ndipo boksa. Ukivaa boksa kwanza unaipitisha miguuni, unazoa fangasi unawapandisha wenyewe mpaka kinenani. Na miguu itibiwe kwa wakati mmoja, la sivyo mnafanya kazi ya kujaza pakacha maji.

#20 Mwendo Kasi

Mimi nakimbia, kilomita 10 mara 3 kwa wiki. Nilirudi mapema nikaharibu. Kipimo changu sasa: nikioga, maji yakipita bila kuchoma siku 3 mfululizo, naanza kutembea haraka. Jasho likipita bila kuchoma, nakimbia. Mafuta ya mgando kabla, taiti ndefu, na nikimaliza navua hapohapo. Kukaa na nguo iliyolowa unapiga stori nusu saa ndiko kuliniua, wala si mbio.

#21 Usiku Mwema

Naombeni msaada. Miezi 3. Nimetumia krimu mbili tofauti za fangasi, nimepaka kwa uaminifu, sijasugua, sijatia spiriti. Baka liko kinenani pande zote, rangi ya kahawia, lina magamba madogo sana, haliwashi sana, halina duara. Halisogei wala halipungui. Nifanye nini?

#22 Mfamasia wa Zamu

Usinunue krimu ya tatu. Ukipaka ipasavyo kwa wiki 2 hadi 4 bila mabadiliko yoyote, pengine unatibu ugonjwa ambao huna. Kinenani hukaa vitu vingi: bakteria, soriasisi (ugonjwa wa ngozi usioambukiza) ya kwenye mikunjo, ukurutu, hata mzio wa lastiki. Omba ngozi ikwanguliwe ipimwe, na umwambie daktari ulikuwa unapaka nini, kwa sababu dawa ya fangasi ikiwepo kipimo kinaweza kuonyesha hakuna kitu. Pia pima sukari. Kandida wanaorudi rudi ni moja ya njia ambazo kisukari hujitambulisha.

Na wengine wote mnaosoma: pakianza kutoa usaha, pakiwa pa moto na wekundu unasambaa kwa kasi, au homa ikija, hiyo si ya kusubiri kwenye uzi. Nenda siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asisubiri hata hivyo vyote.

#23 Mjukuu wa Babu

Kwa hiyo kitunguu saumu mmekikataa kabisa?

#24 Mzee wa Hoja

Kitie kwenye mchuzi.

#25 Usiku Mwema

Nimerudi, wiki imepita. Daktari alizima taa za chumba, akawasha taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, akamulika kinenani. Lile baka likawaka rangi ya waridi iliyokolea, kama kaa la moto linaloanza kufifia. Nilishtuka nikataka kushuka kitandani. Akasema hao si fangasi, ni bakteria, ugonjwa unaitwa erithrazma. Nimepewa antibayotiki ya kupaka. Sukari iko sawa. Siku ya 5 leo na rangi imeanza kupauka. Miezi 3 nilikuwa nampiga jirani asiyehusika!

#26 Pembe ya Paa

Hongera. Mimi nauliza kuhusu weusi. Fangasi wamekwisha, kuchoma kumekwisha, lakini nimebaki na baka jeusi la umbo la ramani. Naona kuna krimu za kung'arisha.

#27 Mfamasia wa Zamu

Hapana. Huo weusi si ugonjwa, ni rangi ambayo ngozi imemwaga ilipokuwa imekasirika. Kwenye ngozi nyeusi hutokea zaidi na huchukua miezi kufifia, wakati mwingine mwaka. Krimu za kung'arisha nyingi zina steroidi, haidrokwinoni au hata zebaki. Utaichubua ngozi upya, itamwaga rangi tena. Zuia kusuguana, paka mafuta yasiyo na manukato, acha muda ufanye. Kipimo si rangi, ni mguso. Pakiwa laini, hapana magamba, hapachomi, umepona hata kama ramani bado ipo.

#28 FundiSindano (mleta mada)

Siku ya 23. Klotrimazoli nilimaliza. Nyufa zimefunga. Jana nilikaa kwenye cherehani tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, nikiamka kila baada ya saa moja kujinyoosha, na sikukumbuka kama nina mapaja. Weusi upo, nimeambiwa tuuache.

Kosa moja niliwaficha: siku ya 14 niliona ganda dogo linabanduka nikalivuta. Likatoka na ngozi mbichi, nikarudi nyuma siku 3. Msivute.

#29 Kobe Mwendopole

Fundi, tunashukuru. Sasa sisi wa kukaa kwenye usukani, suruali isiyo na huo ukuta wa ovalok inawezekana?

#30 FundiSindano (mleta mada)

Inawezekana, nimeshajishonea mbili. Mshono wa ndani unaulaza na kuushonea chini, upande wa ngozi unabaki bapa. Pale mishono minne inapokutana unaweka kipande cha umbo la almasi, kwa hiyo lile donge linatoweka na ukikaa kitambaa hakivuti. Ila lazima nikupime ukiwa umekaa. Tunapima watu wamesimama halafu wanaenda kukaa kutwa nzima.

#31 Kobe Mwendopole

Rangi nyeusi. Mbili.

#32 FundiSindano (mleta mada)

Leta pamba. Na ukifue kwanza.